Jogoo Aliyempikia Mjomba Magimbi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninaposikia chungu kikitokota, mwanangu, na nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani wananiuliza nimeona nini. Nawaambia nimeona jogoo. Wanatazama uani, hawaoni kitu, wanatikisa vichwa. Basi leo nakaa kitako nikueleze wewe, maana juzi nilikula muhogo wako, na kwa heshima ya mwenye nyumba niliutafuna nikaumeza, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nauchokonoa kwenye meno.

Usikasirike. Nami niliwahi kutengeneza magimbi ambayo ungeweza kuyapigilia kigingi cha mbuzi.

Ilikuwa enzi ya Mdachi. Reli ilikuwa imeshafika Morogoro, na asubuhi ya hewa safi, ukisimama juu kwenye miteremko yetu, uliona moshi wa gari ukitambaa kule chini kwenye tambarare kama wa mtu anayetembea na kiko mdomoni. Mimi nilikuwa kijana wa Bigwa, jina langu Mkude. Nilikuwa nimesoma kidogo sana, herufi na hesabu za mwanzo, lakini ndoto nilikuwa nazo nyingi kuliko nywele. Kubwa kuliko zote ilikuwa niwe mtu wa kutia kuni kwenye gari la moshi. Sikuota kuliendesha, hilo niliona ni la wakubwa. Kutia kuni tu, nikiwa mweusi kwa masizi, nikiwapungia mkono watu njiani.

Ndoto yangu ya pili alikuwa Mwanaidi.

Mwanaidi kwao ni juu, upande wa Mgeta, ambako mashamba yameinama hata ukidondosha boga unalifuata mtoni. Nilipanda kwao kulima shamba la mama yake, kama mchumba alivyotakiwa enzi zile, ili watu waone mikono yake kabla ya kumpa binti. Nililala kwenye kibanda mwisho wa shamba. Na usidhani nilikuwa namwona huyo niliyemfuata! Mwanaidi alikuwa mwali. Alikaa ndani, haonekani na mwanamume, hapazi sauti, mpaka siku atakapotolewa kwa ngoma. Nilichokuwa nakijua kwake siku hizo ni ukuta. Nilikuwa naupenda ule ukuta, mwanangu, kuliko unavyoweza kuamini.

Tena kulikuwa na mama yake. Yeye ni mkwe wangu, na katika desturi yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawasemeshani. Njia ikiwakutanisha, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite.

Utauliza, sasa mtu atalimaje shamba la mtu asiyezungumza naye? Hapo ndipo alipoingia jogoo. Palikuwa na jogoo mwekundu pale uani, mwenye kiburi kama akida, na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Asubuhi nilisimama mbali, nyuma ya banda la kuku, nikasema, "Shikamoo, jogoo." Ndani ya nyumba sauti ikaitikia, "Marahaba." Kisha sauti hiyohiyo ikaendelea, "Jogoo, ukimaliza palizi ya mahindi kule juu, maharage ya bondeni nayo yanakulilia." Nami nikajibu, "Jogoo, nenda ukaseme kwamba nimesikia." Jogoo mwenyewe alikuwa anaparua zake, hana habari.

Tulielewana vizuri sana kwa njia hiyo, mpaka siku ya magimbi.

Siku hiyo nyumba ilikuwa haina watu wa kusaidia. Baba yake Mwanaidi alikuwa ameitwa na akida kwenda kutengeneza barabara. Mama mkwe jana yake aliteleza akitoka kisimani, mguu ukateguka, akawa anatembea kwa kujikokota. Mimi nilikuwa napasua kuni, mara nikasikia mtu anaita kutoka ng'ambo ya bonde. Watu wa milimani tunaitana hivyo, mlima kwa mlima, na kila mwenye masikio anapata habari bure.

"Oyeee! Hapo kwa mama Mwanaidiii!"

"Tunasikiaaa!" nikajibu.

"Mjomba anakuja leeeo! Ameshapita Mzumbeee!"

Kuni zikaniponyoka. Mjomba huyo alikuwa kaka wa mama mkwe, Mzee Kibwana, aliyekuwa amekwenda kufanya kazi ya reli. Na kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno. Mzee Kibwana akisema ndiyo, ngoma inapigwa. Akisema hapana, mimi nafunga jembe langu begani nateremka Bigwa, na ule ukuta siuoni tena. Nilikuwa nimeshasikia kwamba alipoambiwa habari zangu alisema, "Huyo kijana anayetazama moshi? Nitakuja nimwone mwenyewe."

Mtu wa ng'ambo hakuwa amemaliza. "Anasema apikiwe magimbiii! Yawe lainiii! Meno ya mbele hanaaa! Yameng'oka kwenye reliii!"

Basi bonde zima likajua habari za meno ya mjomba.

Mlango ukalia kidogo. "Jogoo," ikasema sauti ya mama mkwe, na nilisikia imebadilika, "magimbi yapo kwenye tenga. Mimi nitajikokota nipike. Wewe leta maji na kuni, halafu uondoke hapo jikoni. Na uombe Mungu. Kaka yangu akikwaza fizi zake kwenye kitu kigumu, atakuwa mkali mpaka jua lizame, na hatakuwa na neno jema kwa mtu yeyote."

Jiko siku hiyo lilikuwa nje uani, mafiga matatu na chungu kikubwa, kwa kuwa la ndani lilikuwa dogo. Nikaleta maji, nikaleta kuni, nikakimbilia nyuma ya banda. Mama mkwe akatoka, kaniki imefunika kichwa. Alipanga vizuri, simdanganyi mtu. Alitandika chini ya chungu uti wa majani ya mgomba ili magimbi yasiungue, akayapanga yaliyomenywa, makubwa chini na madogo juu, akatia maji kiasi, akafunika kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa, akayakandamiza kwa kigae. Akawasha moto, akarudi ndani kutwanga karanga.

Kufikia hapo mambo yalikuwa mazuri. Kilichoyaharibu ni adabu yetu.

Nilichungulia nikaona kuni zimeungua nchani, moto unalegea. Nikatoka nizisukume. Sijafika, nikasikia mguu wa mama mkwe unaburuzika mlangoni. Ningefanya nini? Nikaruka nyuma ya banda. Naye alipotoka akaona kivuli changu kinakimbia. Akajua mkwe yuko jikoni, akajifunika uso, akageuka upesi akaingia ndani. Mimi kule nyuma nikasema moyoni, vizuri, mama yupo kwenye moto. Naye kule ndani akasema moyoni, vizuri, kijana yupo kwenye moto. Tukatulia kila mtu mahali pake, tukiheshimiana, na kwenye moto hapakuwa na mtu.

Moto ukazima.

Niliposikia kimya, nikatoka kwa kunyata. Chungu hakisemi. Nikapuliza makaa, nikatia kuni, nikaona maji yamepungua, nikachota kata ya maji ya kisimani nikatia. Maji ya kisima chetu, mwanangu, ukiyanywa meno yanauma kwa baridi. Nikasikia mguu, nikakimbia. Mama mkwe akatoka, akaona chungu, naye hakujua kwamba nimeshatia maji, akatia kata yake. Akasikia nakohoa, akakimbia na mguu wake mbovu. Moto ukalegea tena. Na hivyo tukaendelea, yeye akitoka mimi naingia, mimi nikitoka yeye anaingia, kama nyuki wanaopishana mlangoni pa mzinga, huku moto ukiwaka na kuzima, na chungu kikipata moto na kupoa.

Gimbi halivumilii mchezo huo, wala muhogo, wala kiazi kikuu. Vitu vya mizizi vikianza kuiva havitaki kukatishwa. Ukivipoza katikati vinakaza roho. Nje vinalainika vinakudanganya, ndani vinabaki kama kuni, na hapo hata uvichemshe vipi vinakutazama tu.

Jua lilipopita utosini, mama mkwe alichukua kijiti cha mwanzi akachoma gimbi la juu. Kijiti kikavunjika. Nikausikia mlio wake kutoka nyuma ya banda.

"Jogoo!" akalia. "Jogoo umeniua! Ulikuwa wapi na huu moto?"

Nikasahau mkalimani. "Nilidhani upo wewe, mama!"

Nikajiziba mdomo. Nimemsemesha mkwe! Mama mkwe alisimama amegeuka upande, kaniki mpaka kidevuni, na kijiti kilichovunjika mkononi.

Ndipo ukuta ukacheka.

Kilianza kicheko kidogo, kama cha mtu aliyejiziba kwa nguo, kisha kikafumuka. Mwanaidi alikuwa amekaa kule ndani kutwa nzima akisikiliza miguu ikikimbia huku na huku, na alikuwa ameshindwa kujizuia.

"Nyamaza wewe! Mwali hacheki!" mama yake akamkaripia.

"Mama, nisamehe," ikasema sauti ndogo kutoka ukutani, "lakini ninyi wawili mmekuwa mkikimbizana na chungu. Tundikeni jamvi."

"Jamvi gani?"

"Hilo la kulalia wageni. Litundikeni katikati, juu ya jiko. Wewe ukae upande wako, na huyo... na jogoo akae upande wake. Hamtaonana. Na asiondoke mtu."

Mpaka leo sijui mwanamke gani mwingine angewaza hivyo haraka namna ile. Nikachomeka miti miwili, nikafunga kamba ya mgomba, nikatundika jamvi juu kidogo, moto usilifikie. Nikakaa upande wangu, miguu yake naiona chini ya ukingo, naye bila shaka anaiona yangu. Kwa mara ya kwanza tukawa tumekaa kwenye moto mmoja.

"Jogoo," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa karibu kabisa, "yamwage maji yote. Yatoe magimbi, uyakate vipande vidogo. Usiogope, hayajafa."

Nikakata. Mikono ikaniwasha, maana gimbi ambalo halijaiva linawasha vibaya, nikawa najikuna kama mbuzi. Akapitisha kisahani cha majivu chini ya jamvi. "Jipake." Nikajipaka. Kisha kikapita kibuyu kidogo. "Hayo ni maji ya majivu, nimeyachuja ya kupikia mboga. Tia kidogo tu. Kidogo, nimesema! Ukizidisha mjomba atadhani anakula sabuni. Na maji mengine yawe yameshachemka pembeni. Ya baridi usiyasogeze hapa tena."

"Jogoo, mwambie mama chumvi je?"

"Chumvi mwisho. Sasa kaa. Ukisikia chungu kinanong'ona, acha hivyohivyo. Kikipiga kelele, punguza ukuni. Kikinyamaza, ongeza. Usifunue."

Nikakaa. Mimi ambaye nilikuwa siwezi kukaa bila kutazama moshi wa gari kule chini, nilikaa nikatazama moshi uliokuwa mbele yangu. Mama mkwe akaanza kumsimulia jogoo habari za Mwanaidi alipokuwa mdogo, jinsi alivyoficha kifaranga kwenye kapu la maharage akakisahau. Ukuta ukalalamika, "Mama!" Mimi nikamsimulia jogoo habari za gari la moshi, jinsi linavyohema likipanda. Tulizungumza, mwanangu. Tulizungumza kuliko miezi yote niliyokaa pale. Jogoo mwenyewe, kusema kweli, alikuwa ameondoka zamani, yuko kwa jirani.

Harufu ikabadilika. Ile harufu ya udongo ikaondoka, ikaja nyingine nzito, tamu, kama ya maziwa na karanga. "Choma," akasema. Nikachoma kwa mwanzi. Ukazama kama umeingia kwenye siagi. Nilitaka kupiga kelele. Mama mkwe akatia chumvi na karanga zilizotwangwa, nikasikia anapumua.

Wakati huohuo mtu akakohoa njiani. Mjomba Kibwana alikuwa amesimama uani na mzigo begani, mtu mrefu, mweusi kwa jua la kule tambarare. Akatazama jamvi lililoning'inia katikati ya uwanja, moshi ukitoka juu yake, miguu ya mwanamke upande huu na ya mwanamume upande ule.

"Haya," akasema. "Nimekwenda kufanya kazi kidogo tu, nyumbani mmeanza kupika nguo?"

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba. Subiri kwanza. Nina njaa."

Akaketi kwenye kigoda, akawekewa. Akachukua kipande kwa vidole, akakitazama kwa mashaka, akakiweka mdomoni. Hakutafuna. Alifunga mdomo tu, kikayeyuka. Akafumba macho. Akachukua kingine, na kingine. Mimi nilikuwa sipumui, na ninadhani ukuta nao haukuwa unapumua.

"Nani kapika?" akauliza.

Hapo ikawa kazi. Mama mkwe hawezi kutaja jina langu. Mimi siwezi kutaja lake. Tukajibu pamoja, kila mtu kutoka upande wake wa jamvi:

"Jogoo."

Mzee Kibwana akatutazama. Ndani mwali akashindwa tena kujizuia, na safari hii mama yake hakumkaripia kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshika mbavu. Basi tukamweleza yote, kwa vipande vipande, na mjomba akacheka mpaka tukaona lile pengo lote lililoachwa na reli.

Kisha akaniita karibu. "Nasikia wewe unataka kutia kuni kwenye gari la moshi."

"Ndiyo, mjomba," nikasema, na nikaona aibu.

"Mimi nimewaona wale watu. Nimekaa nao. Mtu wa kutia kuni haondoki kwenye moto wake. Hata afike stesheni amkute mama mkwe wake amesimama pale na kapu, hakimbii kujificha. Atageuza uso, atainamisha kichwa, atafanya adabu zote, lakini mkono wake uko kwenye kuni. Kwa sababu akikimbia yeye, watu wote waliomo nyuma watalala porini. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Adabu yako ni nzuri, sikulaumu. Ila adabu inayowaacha watu na njaa, hiyo umeikosea mahali. Leo mmeipata, mlipokaa." Akasimama, akakohoa kama mtu anayetaka kusema neno kubwa, na kweli akalisema. "Sasa, dada yangu anasema kapika jogoo. Kijana naye anasema kapika jogoo. Mimi siwezi kubishana na nyumba nzima. Kwa hiyo namwoza mpwa wangu kwa jogoo. Pigeni ngoma!"

Akashusha lile jamvi kwenye kamba mwenyewe, akalitandika chini. "Hili lisitundikwe tena. Watu walikalie wapate kula." Tukala juu yake, mimi mwisho huu na mama mkwe mwisho ule, tumepeana migongo, mjomba katikati akihudumia pande zote. Kipande kilicholainika kuliko vyote nilikiweka kando kwenye jani. Mama mkwe hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma yake, akalichukua jani, akalipitisha mlangoni. Ukuta ukasema taratibu, "Ahsante, jogoo."

Gari la moshi sikutia kuni, mwanangu. Nimetia kuni jikoni, miaka hii yote, na sijaona nilichopungukiwa. Yule jogoo hakuchinjwa, alizeeka mpaka akasahau kuwika. Na Mwanaidi, bibi yako, kila akitaka jambo kwangu, mpaka leo haniiti Mkude.

Sasa sikiliza ninachokuambia, wewe na mwenzako, maana mnaanza nyumba. Muhogo wako juzi uliuwashia moto ukatoka, ukaenda barazani. Mkeo akadhani unao, nawe ukadhani anao. Nilikaa pale nikaona. Kitu cha mizizi kinataka maji ya moto tangu mwanzo, moto mdogo usiokatika, majani juu yake, chumvi mwisho, na mtu. Mtu ndiye kiungo kinachosahaulika. Akae hapo, mwanamume au mwanamke, chungu hakiulizi. Na mkiwa na jambo ambalo hamwezi kuambiana mkitazamana, msikimbiane. Tundikeni jamvi lenu, lolote lile, mseme mkiwa mmekaa kwenye moto mmoja. Maneno nayo yanaiva hivyo. Ukiona mkwe, rafiki, au mzazi anajificha kwako, usifikiri hakupendi. Huenda anakuheshimu kupita kiasi, na chungu kinapoa katikati yenu.

Mungu akupe moto usiozimika na kuni zisizo na unyevu. Akupe watu wa kula nao, wenye meno na wasio na meno. Chungu chako kinong'one kila jioni, na ukuta wa nyumba yako usikose mtu wa kucheka nyuma yake. Amina, mwanangu. Na nikija tena, nipikie magimbi.